Wanangu wa mkekani, huyu "mimi" ni nani?

Wanangu,

Ugomvi wenu wa nani asimame mbele Juni 21, Siku ya Kimataifa ya Yoga, umenifikia. Wa kwanza alikuja akasema, "Babu, mimi ndiye niliyeanzisha kundi hili." Hajatoka vizuri, wa pili akaingia: "Mimi ndiye ninayejua kusimama kwa kichwa." Walipoondoka nilibaki na neno moja tu masikioni.

Neno hilo Wahindi wa kale walilipa jina: ahankara. Aham ni "mimi", kara ni mfanyaji. Ndiyo mashine ya kutengeneza umimi. Hawakuiita dhambi, na sipendi mnavyoambiana "ua umimi wako" kana kwamba ni mende. Katika falsafa ya Samkhya, ambayo yoga imeiegemea, ahankara ni chombo kimoja kati ya vitatu vya ndani. Manasi hupokea yanayoletwa na macho, masikio na milango mingine ya fahamu. Ahankara hugonga muhuri: hili langu, hili linanihusu. Budhi hupambanua na kukata shauri.

Mwaka jana nilikosea kuhesabu pumzi mbele ya darasa. Binti mmoja akaniambia kwa adabu kabisa, "Babu, tuko ya sita." Masikio yakaniwaka moto. Nikaendelea kuhesabu vilevile, tena kwa sauti ya juu zaidi. Kilichofika kwa manasi kilikuwa maneno manne tu. Muhuri ukagongwa papo hapo: nimedharauliwa, tena mimi mwenye mvi! Budhi ilichelewa. Ilifika usiku, kikombe cha chai mkononi, ikaniambia kweli ilikuwa ya sita.

Patanjali, mwalimu wa kale wa yoga, katika kitabu chake Yoga Sutra, anazitaja taabu tano za akili. Ya kwanza ni ujinga, mama wa zote. Ya pili ni asmita, huko kujidhania. Anasema asmita ni pale mwenye kuona na chombo cha kuonea vinapochukuliwa kuwa kitu kimoja. Mwenye kuona ni purusha, shahidi aliyetulia tu. Akili yote, na umimi wake, ni chombo. Ni kama mtu anayejitazama kwenye kioo chenye vumbi, halafu anapangusa shavu lake. Atapangusa mpaka ngozi ichubuke, na doa liko palepale. Mimi usiku ule nilikuwa nimepangusa shavu saa nne nzima.

(Kwa yule wa kusimama kwa kichwa: kitabu hicho kina sutra, yaani vifungu vifupi, 196 kwa hesabu iliyozoeleka. Zinazozungumzia mkao ni tatu, na kichwa hakitajwi.)

Dawa aliyoiandika Patanjali ni mbili zinazokwenda pamoja: mazoezi ya kudumu, na kuachia. Ya pili ndiyo ngumu, maana umimi ni mjanja, ukiusukuma mlangoni huingia dirishani ukisema, "Mimi sasa sina majivuno." Kwa hiyo msishindane nao. Jumamosi kila mmoja aniletee tukio moja la wiki hii: nini kilisikika, muhuri uligongwa lini, budhi ilifika saa ngapi.

Kuhusu Juni 21, mbele atasimama yule binti, ahesabu pumzi. Hakuomba, ila hesabu anaijua.

Ni mimi (neno lilelile),
Babu yenu