Furu sio takataka, mhariri

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Nimesoma ile makala yenu ya samaki wa Ziwa Victoria, sangara mmempa aya yake, sato kapewa yake, dagaa nao hawakukosa, afu mwishoni kabisa mkamalizia na "furu na wengine wasio na thamani". Hapo hapana jamani, tena gazeti linalosomwa Mwanza.

Kwanza furu sio samaki mmoja. Wataalamu wanakadiria humu ziwani kulikuwa na aina kama 500, sisi tunawaona wanafanana tunawatia kwenye ndoo moja tunasema furu basi, kumbe kila aina ina riziki yake, kuna wa kuvunja konokono, kuna wa kukwangua mwani kwenye mawe, kuna hadi wanaokula mayai na vitoto vya wenzao. Na kuna mmoja, huyu ndo amenifanya niandike, chakula chake ni magamba ya samaki wengine. Magamba tu, samaki mwenyewe anamwacha aende zake! Jina lake la kitaalamu ni Haplochromis welcommei, mtaalamu wa samaki Greenwood ndo alimwelezea kisayansi mara ya kwanza, mwaka 1966.

Mtu atauliza gamba lina nini mbona sisi tunaparua tunatupa. Lina protini, lina madini kama ya mfupa, na ule ute unaokuja nalo pia ni chakula. Afu gamba likitoka linaota lingine, kwa hiyo uliyemwibia leo ukimkuta siku nyingine unamwibia tena.

Anayejulikana sana kwa wizi huu ni wa kule Kigoma, Ziwa Tanganyika, anaitwa Perissodus microlepis. Huyo mdomo wake umepinda, wengine kulia wengine kushoto. Aliyepinda kulia anamvizia mwenzie kwa nyuma anamnyofoa ubavu wa kushoto, aliyepinda kushoto anapiga wa kulia. Sasa wakizidi wa kulia, samaki wanaoibiwa wanazoea kulinda ubavu wa kushoto, wale wachache wa kushoto ndo wanashiba wanazaana, wakishakuwa wengi mchezo unageuka, yani hakuna upande unaoshinda moja kwa moja. Mjapani mmoja, Michio Hori, aliwafuatilia miaka mingi akachapisha mwaka 1993 kuonyesha idadi inapanda na kushuka hivo hivo kuzunguka nusu kwa nusu. Mimi nikisikia watu wanasema samaki hana akili huwa nacheka tu.

Ila Tanganyika ni ziwa la mamilioni ya miaka, muda wa kutengeneza vitu vya ajabu lilikuwa nao. La kwetu lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita likajaa upya, na bado likatoa mla magamba wake lenyewe bila kuazima kwa mtu. Nyasa nako wapo. Maziwa matatu, kila moja na mwizi wake, hiyo peke yake si ilitosha kuwa makala?

Halafu tukaletewa sangara miaka ya 1950 na 60. Kufika miaka ya 1980 alikuwa amejaa ghuba yetu ya Mwanza na furu wakaporomoka, inakadiriwa aina kama 200 zilipotea, ingawa sangara hakuwa peke yake, kulikuwa na kokoro, zile nyavu za kukokota, na maji kuchafuka pia. Sikatai, sangara amejenga nyumba nyingi hapa mjini na mapanki yake, yale mabaki ya kiwandani baada ya minofu kutolewa, tumekula. Baadaye furu kiasi wamerudi, ila waliorudi kwa wingi ni wale wa kula vijidudu vya majini na mabaki ya chini, sio wale wenye kazi za pekee kama huyu wangu.

Ombi langu: tumeni mwandishi TAFIRI, ile taasisi ya utafiti wa uvuvi, hapa hapa Mwanza, awaulize kuhusu furu waliobaki, afu apite Kirumba mwaloni, kwenye soko la samaki, aongee na wazee waliovua kabla ya sangara kujaa, wapo na wanaongea vizuri tu. Na yale maneno "wasio na thamani" naomba myafute kwenye ile makala mliyoweka mtandaoni, maana watoto wa shule wanaikopi hivo hivo.

Msomaji wenu,
Kirumba, Mwanza