Mwanangu, usiijaze nyumba kabla mwenzako hajaingia

Mwanangu,

Picha zako saba nimezipata. Ujumbe wa sauti nimeusikiliza mara mbili, maana mara ya kwanza bodaboda za hapo ulipokuwa zilimeza maneno. Makochi ya watu saba, meza ya kati, stendi ya TV, meza ya chakula na viti vyake sita, kabati la vyombo, kitanda na meza ya kujipambia, vyote kahawia iliyokoza, vyote na ua lile lile la dhahabu ubavuni. Mwenye duka kakuambia ukichukua vyote anakupunguzia bei, na usafiri mpaka Kigamboni ni juu yake. Sasa unasubiri shangazi aseme ndiyo, kesho ukalipe.

Siwezi kusema ndiyo, baba. Naandika hapa hadharani kwa sababu vijana wenzako wengi wanaooa baada ya mfungo wako madukani wakati huu na swali hili hili, na wengi hawana wa kumuuliza.

Sisi na mjomba wako tulianza na seti kama hiyo, vyote vya kufanana. Tulipohamia Mbagala tulitaka sebule ile ambayo mgeni akiingia tu anasema mashallah, na kweli wageni walisema. Makochi yalikuwa ya ngozi ya bandia, meusi, yanang'aa. Joto la Dar na unyevu wa bahari vinaimaliza ngozi ile taratibu, nayo huanzia pale mwili unapogusa: penye kisogo, kwa mafuta ya nywele, na penye mikono, kwa jasho. Mwaka wa pili haukuisha, kochi la watu wawili lililokuwa dirishani, linalopigwa na jua la mchana, likaanza kuchunika. Vipande vyeusi vidogo kama magamba vilikuwa vinanata kwenye kanzu za wanaume wakitoka Ijumaa. Bibi mmoja alisimama kuaga, buibui lake likawa limejaa nyuma, nami nikamfuata mpaka mlangoni nikimpangusa kwa mkono.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba lililoharibika lilikuwa moja tu. Mengine mawili yalikuwa mazima. Nikarudi dukani kutafuta ngozi ile ile, rangi ile ile, nikaambiwa haiji tena. Kubadilisha moja kungeharibu yote matatu, kwa sababu uzuri wake wote ulikuwa kule kufanana. Kwa miaka minne nikalifunika kwa khanga na vitambaa vya kufuma. Kila mtoto akirukia, kitambaa kinashuka, nanyanyuka kukirudisha.

Linganisha na nyumba ya bibi yetu kule Pangani, ambayo wewe uliiona ukiwa mdogo mno. Kitanda chake kilikuwa samadari ya miguu iliyochongwa. Viti vya barazani viwili vilisukwa kwa kamba, cha tatu kilikuwa cha mbao tupu na hakikufanana na hivyo viwili. Kona ya chumba lilikaa kasha, misumari ya shaba imepangwa juu ya kifuniko kama maua, droo tatu chini, na ndani, upande wa kushoto, kijisanduku kidogo alimoweka pete na risiti. Ukifungua, udi na karafuu vinakupokea kabla hujaona nguo. Hakuna kitu kilichonunuliwa siku moja na chenzake, na sijawahi kusikia mtu akisema vitu vya nyumba ile havipatani.

Watu wa pwani wameishi hivyo zamani sana. Ukiingia nyumba kongwe za Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja unakuta zidaka, vile vishubaka vya ukutani vilivyokuwa vikipangwa sahani kutoka China, na kando yake kitanda cha kutoka Bara Hindi na kiti cha enzi cha mpingo kilichotiwa nakshi za pembe. Vitu vya bahari nzima katika chumba kimoja chembamba, na chumba kimetulia. Kinachovituliza ni ule ukuta mweupe wa chokaa na mbao zenye rangi ya jamaa moja.

Hapo ndipo nataka unisikilize vizuri, kwa sababu kuchanganya nako kuna adabu yake, na mimi niliikosea. Nilipochoka na seti nilinunua meza ya chakula kwa mtu aliyekuwa anahama, mbao ya mkongo tupu, nzito, ikabebwa na wanaume wanne. Viti nikampa fundi seremala wa Keko bila kumpelekea kipimo. Meza ilikuwa na sentimita 78 kwenda juu, viti vikaja na 40. Mgeni akikaa, sahani ya pilau inamfikia karibu na kifua, viwiko vimepanda kama anaogelea. Meza ya kawaida huwa na kama sentimita 75, na kiti 45. Ule mwanya wa sentimita 30 kati yake ndio unaomwacha mtu ale kwa raha. Kwa hiyo viti vinavyoizunguka meza moja vilingane kimo, na makochi yanayotazamana yasipishane sana, asije mkweo akakaa chini ya mkwe mwenziwe. Kitambaa na umbo vikitofautiana, hakuna atakayeumia.

Rangi ya mbao nayo uiangalie. Mninga na mtiki vinakaa pamoja bila ugomvi, vyote vina joto. Ukiongeza juu yake jeusi la kung'aa, na jeupe la mbao za kubandika, na kioo chenye miguu ya dhahabu, jicho halipati pa kupumzikia. Mimi nachukua rangi mbili za mbao, basi. Na ukiambiwa ni mninga, pinda shingo uangalie chini ya meza, mahali ambapo vanishi haikufika, kisha inua kona moja. Paini iliyopakwa rangi utaijua kwa wepesi wake. Paini si dhambi, fremu nyingi za makochi ni paini, lakini usiilipe bei ya mninga. Mninga ukikauka vizuri hautanuki wala kujikunja ovyo, na mchwa hawaupendi.

Halafu chumba chenyewe. Uliniambia sebule ni futi 10 kwa 12. Chukua chaki, chora sakafuni kila kochi kwa ukubwa wake halisi, chora na meza, kisha mwambie rafiki yako atembee humo amebeba sinia kwa mikono miwili. Akilazimika kugeuka ubavu, makochi ya watu saba hayana pake hapo.

Nimeliacha la mwisho kwa sababu ndilo lililonikosesha usingizi. Katika ujumbe wako wote sikumsikia mwenzako. Mimi nimekaa naye siku moja tu, siku ya kuvishwa pete, na katika saa hizo chache alinitajia mara mbili cherehani ya mama yake, ile ya kukanyaga kwa mguu, na meza aliyokuwa anasomea. Anataka kuja navyo. Katika picha zako saba nimeitafuta kona ya kuweka cherehani, sijaiona. Ukivipanga sebuleni, stendi ya TV inachukua ukuta mmoja, kabati la vyombo ukuta wa pili, na huo mwingine ni mlango. Utamfungulia nyumba ambayo kila kitu kimeshapata mahali isipokuwa chake. Atanyamaza, kwa heshima, na cherehani itakwenda stoo.

Nunua kitanda na godoro zuri, hapo usibane. Nunua makochi mawili ya kitambaa yenye fremu imara, na meza ya chakula pamoja na viti vyake. Ukuta wa dirishani uache wazi. Vingine mtavichagua wawili, mkiwa mmeshaishi humo, mmeshajua jua linaingilia wapi na nani anapenda kukaa wapi.

Jumamosi hii niko nyumbani. Mpigie kwanza umuulize upana wa ile cherehani, kisha njooni wote asubuhi twende Keko kabla ya jua kali. Kasha la bibi liko kwangu, nimelipaka nta na misumari nimeisugua kwa ndimu. Droo ya kati inakwama kidogo upande wa kulia, inataka kuinuliwa kwanza ndipo ivutwe. Kirikuu, kile kigari cha mizigo, kitalibeba.

Shangazi yako