Ukuta wa Seli Haukusinyaa

Bagamoyo

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata, na mchoro nimeuona. Hapa hatujambo. Bibi yako anakusalimu, anauliza kama kile kikohozi cha usiku kimekwisha.

Unasema seli za kitunguu zilisinyaa ulipozitia chumvi, na mwalimu akakukata maksi. Mama, mwalimu hakukosea. Umechora seli nzima imekunjamana, ukuta na vyote. Hebu ziangalie tena.

Jumamosi, nilipomaliza kuosha vyombo vya maabara, nililirudia jaribio lako. Nilibandua kile kingozi chembamba cha kitunguu chekundu, nikakitandaza kwenye slaidi, kile kipande cha kioo, kwa tone la maji ya bomba, nikakifunika kwa kioo kingine chembamba. Kwenye hadubini seli zilijipanga kama matofali, kila moja imejaa rangi ya zambarau hadi kwenye pembe. Sikupima chumvi. Nilichota maji ya bahari, maana lita moja ina chumvi kama gramu 35, na hiyo inatosha. Nikadondosha tone ukingoni mwa kioo cha juu, na upande wa pili nikagusisha karatasi ya kunyonya ili maji yavutwe yapite chini yake.

Mwanzoni sikuona kitu. Usiondoe jicho hapo! Kisha zile pembe za zambarau zikaanza kuviringika. Rangi ikabanduka ukutani kidogo kidogo, ikakoza kadiri ilivyopungua, hadi ikabaki kama shanga katikati ya chumba. Kuta zilisimama vilevile.

Sasa, kwenye ule uwazi kati ya ukuta na rangi kuna nini? Wanafunzi wengi hunijibu hewa. Ni maji ya bahari yaleyale. Ukuta huyapitisha pamoja na chumvi yake. Utando wa ndani ndio unaochagua: maji unayaachia, chumvi unaizuia. Chumvi ikizidi nje, maji ya ndani hutoka kuifuata. Hiyo ndiyo osmosisi, na ndiyo inayojaza maji bakuli la mama yako akisugua vitunguu vya kachumbari kwa chumvi, wakati yeye hakutia hata tone.

Halafu nikarudisha maji ya bomba. Moyo ulinienda mbio, mwanangu. Rangi ilitanuka taratibu hadi ikaugusa tena ukuta. Kumbe seli zilikuwa hai muda wote. Slaidi nyingine niliitia chumvi kali nikaiacha hadi kesho yake. Hiyo haikurudi, na rangi ilikuwa imevuja.

Ukija likizo, twende kwenye mikoko maji yakishakupwa. Mti wa mchu unaishi kwenye chumvi ileile iliyokausha kitunguu changu, na majani yake mabichi kabisa. Chumvi huitoa kupitia majani, ikakauka juu yake kama unga mweupe. Utalamba jani moja, na jingine tutalibeba tukaliangalie kwenye hadubini.

Baba yako