Mama Baraka, irudie ile chupa

Kisumu,
Jumapili jioni

Kwako Mama Baraka,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Sisi hatujambo, watoto wazima, baba yao karudi kazini, tunamshukuru Mungu. Natumai na nyinyi huko Nakuru mko salama na kwamba kile kifua cha Baraka kimetulia. Najua tumenyamaziana muda mrefu. Simu yako ilikuwa haipatikani, nami nikazama kwenye mambo ya duka, na siku zikazidi kwenda. Leo nimeketi kuandika kwa sababu Mama Tony alipita hapa jana akitoka kwenu, na alilonieleza limeninyima usingizi.

Anasema umeacha kujipulizia Poison, yale marashi yako ya Dior ya Ufaransa. Eti kuna mkubwa wenu mpya pale kazini aliyesema mbele ya watu kwamba mwanamke anayependa marashi ya aina hiyo ni wa kutafuta macho ya wanaume, wenzako wakacheka, na tangu siku hiyo unaenda kazini hivi hivi, chupa umeifungia kabatini. Ni kweli? Ile chupa ya zambarau dada yako aliyokuletea kutoka Dubai? Maana kama ni kweli, mimi siwezi kunyamaza.

Nakujua tangu kidato cha kwanza. Wewe ndiye uliyekuwa ukijua jibu na bado humwinulii mwalimu mkono. Kwenye chama chetu cha zamani ulikuwa unakaa karibu na mlango, unatoa mchango wako, unaondoka hata chai hujamaliza. Mtu wa kutafuta macho ya watu ndiye huyo? Huyo mkubwa wako amekusoma kinyume kabisa, na ninavyoona mimi hata hayo marashi ameyasoma kinyume.

Ngoja nikueleze ninachokiona hapa dukani. Unajua kazi yangu: mafuta ya marashi kwa mililita, ya kufananisha na yale makubwa ya Ulaya na Uarabuni, na kila mteja namwambia waziwazi kwamba si ya Dior, ni ya kufananisha. Nachovya kijikaratasi, nakipepea mpaka spiriti iruke, namkabidhi. Kisha namwangalia usoni. Mtu anaweza kukudanganya kuhusu bei anayoweza kulipa, lakini uso wake hauwezi kudanganya kwa kile kijikaratasi. Akipenda, anafumba macho kidogo na mabega yanashuka. Asipopenda, anasema “ni nzuri” na kukirudisha haraka.

Sasa sikiliza. Wale wenye sauti, wanaoingia wakisalimia duka zima na kuuliza bei ya kila kitu, mara nyingi wanachukua vitu vyepesi: limau, harufu ya sabuni, nguo zilizotoka kuanikwa. Wanaotaka yale mazito yanayofanana na Poison ni watu wa namna yako. Kuna nesi mmoja wa zamu ya usiku, akizungumza lazima uiname kaunta umsikie. Kuna mwalimu mstaafu kutoka upande wa Maseno, mjane, haongei ila “asante mwanangu”. Na kuna mama anayeuza omena pale soko la Kibuye. Huyu huja Jumamosi jioni akiwa amekwisha kuosha mikono kwa limau mpaka viwiko, ananunua kidogo tu, anafunga kichupa kwenye pindo la leso mafundo mawili. Siku moja nilimuuliza kwa nini asichukue kitu cha bei nafuu. Akaniambia, “Wiki nzima watu wananijua kwa harufu ya samaki. Jumapili niache wanijue kwa hii.” Niliyashika sana maneno hayo, maana ndiyo niliyokuwa nikiyaona kwenye nyuso zao siku zote bila kupata pa kuyaweka. Hawa ni watu ambao hakuna anayewapisha mlangoni. Marashi yanaingia mbele yao yanasema “nipo”, na wao hawahitaji kusema. Kwa hiyo aliyekuambia unatafuta macho, mwambie, au usimwambie, lakini wewe jua, kwamba ulikuwa unatafuta nafasi ya kukaa tu.

Halafu hii habari ya kwamba marashi fulani ni ya mwanamke wa tabia fulani, ilitoka wapi? Ilitoka kwa wauzaji! Mwaka 1973 kampuni ya Revlon ya Marekani ilitoa Charlie, ile mama zetu waliyokuwa nayo, na matangazo yake yalimwonyesha mwanamke aliyevaa suruali, anatembea hatua ndefu, anajitegemea. Mtu akanunua chupa akahisi amenunua na ile hatua. Dior nao walipotoa Poison mwaka 1985 waliipa jina la kutisha makusudi, na kuitangaza kwa picha ya mwanamke hatari. Picha ile ilichorwa ili iuze. Leo mtu anakaa ofisini Nakuru analirudia tangazo la miaka arobaini iliyopita kama kwamba ni ufunuo, na wewe unafungia chupa kabatini. Inaniuma.

Kilichomo ndani hakina tabia mbaya yoyote. Fundi wake alikuwa Mfaransa, Edouard Fléchier. Kuna ua la tuberosi, lenye asili ya Mexico, ambalo harufu yake hupanda zaidi usiku. Kuna plamu, mbegu za dania, asali. Na kuna damaskoni, kemikali za jamii ile iliyomo kwenye mafuta ya waridi, ambazo tone dogo tu linajaza chumba. Hapo ndipo nguvu yake ilipo. Ilipotoka, baadhi ya mikahawa huko Marekani ilikataa wateja waliojipulizia. Kwa hiyo kama huyo mkubwa angesema “inanizidi, punguza kidogo”, ningemwelewa. Harufu kuzidi ni jambo la kweli na lina dawa. Tabia yako imeingiaje hapo?

Na pua yake si hakimu wa pua zote. Linda Buck na Richard Axel walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2004 kwa kugundua jeni za vipokezi vya harufu, vile vinavyonasa harufu puani, na binadamu ana aina kama 400 zinazofanya kazi, wala hazilingani kati ya mtu na mtu. Iko kemikali moja ya mwilini inaitwa androstenoni: kuna anayeinusa kama mkojo, kuna anayeinusa kama kitu kitamu, na kuna asiyeinusa kabisa. Wote wamenusa kitu kilekile. Sasa mtu anajuaje kwamba unachokinusa wewe kwenye shingo yako ndicho anachokinusa yeye?

Hata hivyo sisemi harufu haina siri ya mtu. Ingekuwa hivyo nisingefurahia kazi hii. Kuna kijana wa boda boda wa steji yetu, grisi mpaka kwenye kucha, yeye anachukua ile inayofanana na Angel ya Thierry Mugler, ya mwaka 1992, yenye pachuli, yale majani ya harufu nzito ya udongo, na harufu ya sukari iliyoungua. Wenzake wanamcheka ni ya kike. Anasema inamkumbusha bibi yake akikaanga kitu fulani Jumapili, jina lake amelisahau. Harufu ina njia yake ya mkato kichwani, inafika kwenye kumbukumbu na hisia kabla akili haijauliza chochote. Ndiyo maana nasema mtu hachagui marashi kwa jinsi alivyo. Anachagua kwa kile anachokihitaji siku hiyo, au alichokipoteza. Na hitaji la mtu si la kuchekewa mbele ya watu.

Haya, tuje kwa dawa. Pua ikikaa na harufu moja inaizoea, mwenye nayo anaacha kuisikia, anaongeza, na aliye karibu ndiye anayeumia. Nakujua, wewe unaongeza kabla ya kutoka nyumbani. Usiongeze. Puliza mara moja tu, chini ya nguo, tumboni au nyuma ya goti, ukiwa umetoka kuoga, halafu subiri kama nusu saa kabla hujatoka. Usisugue vifundo vya mikono. Hapa Kisumu kwa joto letu ningekushauri uiache mpaka jioni, inaruka sana na kugeuka nzito. Lakini huko kwenu na baridi ya asubuhi, ndiyo hali ya hewa yake kabisa, inakaa karibu na mwili. Na ile ofisi, Mama Tony anasema madirisha hayafunguki. Kweli? Basi siku za mikutano ipumzishe, si kwa sababu ya maneno, kwa sababu ya hewa.

Wala usije ukaenda kununua ile ya waridi kwa kuwa ni “ya heshima”. Nimeona wengi wakifanya hivyo, wanakaa na chupa isiyoisha. Waridi lenyewe siku hizi, hayo ya Naivasha anayofungasha shemeji yako, lipeleke puani uone. Mengi yamezalishwa yakae siku nyingi kwenye chombo, harufu ikaachwa njiani. Mazuri kweli kwa macho, lakini... haya, hilo ni la siku nyingine, shemeji yako asije akasema nimeitukana kazi inayowalisha.

Nyanya wa Kondele anakusalimu sana, bado anakuita “kale katoto kapole”. Mama Tony naye ana habari zake za kiwanja, atakupigia mwenyewe. Yule mpangaji alihama usiku, nadhani ulisikia.

Niambie basi: huyo mkubwa alisema maneno gani hasa, kwa mdomo wake, au ulipelekewa na watu? Waliocheka walikuwa wote, au ni wale wawili wa siku zote? Chupa imebaki kiasi gani, na umeiweka mbali na jua? Unalala? Unakula? Baraka anaendeleaje na shule mpya, na ile karo mlipatana vipi? Kwa nini hukunipigia mimi kwanza, au hukutaka nikasirike? Na ukiirudia, utaanzia kazini au kanisani? Ningekushauri kanisani, kuna hewa na kuna wanaokupenda.

Ijumaa nampa dereva wetu mzigo wa Nakuru. Ndani yake nimekuwekea kichupa kitupu chenye kipulizo kidogo, kinachotoa chembe chache kuliko kile cha Dior. Hamishia humo kiasi cha kazini, kibaki kwenye mkoba. Nijibu kabla ya Ijumaa kama kuna kingine cha kuongeza kwenye mzigo, omena ziko, na bei wiki hii si mbaya.

Wako wa siku zote,
Mama Neema