Shukrani kwa dada wa treni ya Kigoma

Dada uliyepandia Tabora na ndoo yako ya asali, popote ulipo, familia yetu inasema asante sana. Mama alipoanza kutikisika behewani, abiria walitaka kumlazimishia kijiko mdomoni. Uliwafokea (na sauti unayo!), ukamlaza ubavu, ukamwekea kitenge chako chini ya kichwa, ukawa unatazama saa mpaka alipotulia. Ndipo ukaliona kovu shingoni. Tukakwambia ni saratani ya tezi ya thairoidi, ilishatolewa. Ukatusihi tukifika Dar tuombe apigwe picha ya kichwa.

Kumbe ilishafika kwenye ubongo, jambo ambalo kwa saratani hii ni nadra. Walianza na dawa ya kupunguza uvimbe, wakafuata upasuaji, kisha mionzi ya kichwa. Iodini yenye mionzi, dawa ya kuua mabaki ya saratani ya thairoidi, ilisubirishwa, maana nayo inaweza kuvimbisha ubongo.

Siku hizi mama anameza kidonge chake cha homoni alfajiri, kabla ya chai, halafu anaanza kugombana na wajukuu. Anaomba jina lako. Anasema Mungu atachoka kusikia “yule dada” kila usiku.