Mbunge aje Januari, si Juni

Mhariri,

Nauza chapati hapa Busia na watoto wangu watatu wanasoma shule za UPE, yaani mpango wa serikali wa elimu ya msingi ya bure. Jumapili iliyopita mbunge wetu alikuja kutueleza bajeti ya elimu, akataja matrilioni mpaka mzee mmoja akasinzia. Nilimuuliza jambo moja tu: elimu ni bure tangu 1997, mbona kila muhula nadaiwa hela ya uji na ya karatasi za mtihani? Akacheka. Eti wanalijadili.

Wanalijadili lini? Bajeti hupitishwa kufikia 31 Mei, na mwongozo wake kufikia 1 Februari. Basi aje Januari, mambo yakiwa bado mabichi, si Juni bajeti ikiwa imeshapita, atusikilize sisi kwanza. Chapati nitampikia, na hela sitaki.

Mama Muuza Chapati,
Busia, Uganda