Kwa nini picha ya ukutani hupauka au kugandana na kioo

Korosho zikishalipa, harusi hufuatana hapa Mtwara, na maagizo ya picha kubwa za kutundika sebuleni huwa mengi kwenye studio yetu ya picha. Baadaye tunaanza kuletewa picha zilizoharibika: bibi harusi amebadilika rangi, au uso wake umegandana na kioo cha fremu.

Tuanze na kugandana, maana ndiko kunakoumiza zaidi. Karatasi ya picha ina tabaka la juu linalopokea wino, na kwenye karatasi nyingi za kung'aa tabaka hilo hulainika likipata unyevu. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na masika ndiyo usiseme. Picha iliyobanwa moja kwa moja kwenye kioo inanata. Tafadhali usiivute! Ukiivuta, wino unabaki kwenye kioo na shavu la mtu linabaki jeupe. Ilete na fremu yake. Tutaiskani pamoja na kioo, tuirekebishe kwenye kompyuta, kisha tuisafishe upya, yaani tuichape kwenye karatasi mpya. Picha mpya tunaiacha wazi siku nzima, kwa sababu hata ukiigusa ukaiona kavu, majimaji ya wino yanakuwa bado yanatoka taratibu. Halafu tunaizungushia kadibodi ndani ya fremu ili kioo kisiiguse.

Kupauka kunatokana zaidi na wino. Upo ambao rangi yake imeyeyuka kabisa, na upo ambao rangi yake ni chembe ndogo mno zinazoelea, unaoitwa wino wa pigmenti. Ule wa kwanza una rangi kali za kupendeza na ni nafuu, ila mwanga na hewa huudhoofisha mapema. Tena rangi hazipauki kwa mwendo mmoja: moja ikitangulia kufifia, ngozi inabaki na wekundu au ukijani ambao mwenyewe hakuwa nao. Kwa albamu inayokaa kabatini, wino huo unatosha, na hatutakuuzia wa gharama. Kwa picha ya ukutani chukua pigmenti, hasa kama nyumba yako iko Shangani au Mikindani na sebule inaelekea baharini. Hata hiyo usiitundike mahali panapopigwa na jua moja kwa moja.

Kuhusu faili: A4 nzuri, ya nukta 300 kwa inchi, inahitaji pikseli (vinukta vinavyounda picha) 2,480 kwa 3,508 hivi. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa imeshapunguzwa, na printa haiwezi kurudisha kope zilizokwisha kupotea. Itume kama dokumenti, au njoo na simu tuichukue kwa waya.

Kabla ya kusafisha picha kubwa tunatoa kipande kidogo cha majaribio. Simu inatoa mwanga wake yenyewe, karatasi inarudisha tu mwanga unaoiangukia, kwa hiyo picha iliyong'aa kwenye simu hutoka na giza. Ngozi nyeusi ndiyo inayoathirika zaidi, mashavu na paji la uso vinageuka doa moja. Tunauongeza mwanga usoni kidogo kidogo mpaka mikunjo ya tabasamu ionekane, bila kumfanya mtu mweupe. Wapo wanaoomba tuwang'arishe. Huwa tunawasihi waache, maana wajukuu watataka kumwona bibi yao alivyokuwa. Kitazame kipande hicho nje, kwenye mwanga wa mchana, ndipo utuambie tuendelee.